Saundbaa Mpya na Ufunguo wa Akiba

Jamani, leo nimepata aibu ambayo sitaisahau.

Nimefika Busunzu, kwenye nyumba yetu ya likizo, na saundbaa mpya, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV.

Dukani Kasulu muuzaji alinishauri nichukue ndogo, inatosha sebule. Nikang'ang'ania yenye besi nzito. Nilitaka kijiji kijue tumefika!

Kila mwaka huwa naanzia kwa jirani, Mama Anastazia, nyuma ya migomba. Ndiye anayetutunzia ufunguo, na habari zote za kijiji nazipata hapo. Safari hii nilishachonga wa akiba, nikapitiliza.

Nikawasha muziki, sauti juu.

Ajabu, hata mtoto mmoja hakuja kuchungulia dirishani.

Akaja Mama Anastazia mwenyewe, taratibu. "Mwanangu, punguza kidogo. Tumemzika mzee juzi, watu bado wako msibani."

Mume wake. Mzee aliyekuwa akitufagilia ua tukiwa hatupo. 😔

Nikachomoa waya, nikamfuata, nikakaa na waombolezaji.

Naaga, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na huu ufunguo wenu, nikurudishie?"

Nimemwambia nitapita kwake kesho asubuhi kumjibu.

Nyie mngesemaje?