Nembo ya Ukoo Juu ya Kofia ya Gari

Shemeji yangu Yoshitsugu Kumazaki hajawahi kuendesha gari. Hana hata leseni. Kwenye uwanja wa mashindano ya magari huenda kwa baiskeli ya kikapu, ile ile aliyoipanda kwenda kazini idara ya maji mpaka akastaafu, na njiani hupitwa hata na vikongwe waliopakia kabichi. Mtu huyo ndiye atakayekueleza, kabla hujamaliza kumsalimu, namna dereva anavyopaswa kushika breki kwenye kona ya pili.

Uwanja ulijengwa juu ya kilima cha chai yeye akiwa mtoto, na tangu siku hiyo hakukua. Wenzake walioa, yeye alinunua gundi. Kila mwaka, mashindano makubwa ya vuli yakikaribia, hujifungia ndani akatengeneza kofia ya kadibodi yenye umbo la gari, magurudumu yanazunguka, na bawa la nyuma linafunguka ukivuta uzi. Mashabiki wa hapa kwetu huvaa vitu hivyo hadharani, watu wazima na mvi zao. Wageni wa ng'ambo huwapiga picha, nao hudhani wanasifiwa.

Mume wangu Nobuhiko, kaka yake, alimvumilia. Mimi nilimvumilia kwa ajili ya mume wangu. Nobuhiko alipofariki, nyumba ya Kumazaki, iliyotoa wakuu wa kijiji hiki vizazi na vizazi, ilibakiwa na mwanamume huyo mmoja.

Ibada ya marehemu ya mwaka wa tatu iliangukia Jumapili ya mashindano. Yoshitsugu alikuja mapema, akanywa chai yangu, kisha akasema macho yakiwa kwenye mkeka:

"Shemeji, si tuitangulize wiki moja? Kuchelewesha ni mwiko, lakini kutanguliza desturi inaruhusu."

"Inamruhusu mgonjwa na msafiri. Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Unasafiri?"

"Mpaka kona ya pili tu."

"Basi Jumapili utakaa kwenye mto wako wa kukalia, kulia kwangu. Nikishatia ubani mimi, anayefuata ni wewe. Jamaa wa Nagoya watakuwepo wote, wanatutazama."

"Kaka angeelewa. Tulikuwa tukikaa naye pale jukwaani."

"Kaka yako alikwenda mara moja, akarudi na mafua."

Alicheka, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaahidi kuja.

Jumapili hiyo ua wa hekalu ulikuwa umekodishwa kwa magari ya watazamaji. Jamaa zetu, wamevaa nyeusi, walijipenyeza katikati ya wanaume waliokuwa wakila tambi za kukaanga juu ya buti za magari. Mtawa Ryokai alipoanza sala, injini nazo zikaanza, na kuanzia hapo tuliona midomo yake tu ikicheza. Mto wa kulia ulikuwa mtupu. Nilitia ubani, nikarudi nyuma kwa magoti, na macho yote yakahamia kwenye ule mto. Hakuna aliyejua afanye nini. Mwishowe Shangazi Kikue, shangazi wa mume wangu, akajikokota na magoti yake mabovu akaishika zamu isiyo yake. Katika ukoo wetu jambo hilo halijapata kuonekana.

Tulipokuwa tukila chumba cha nyuma, mke wa mtawa, maana watawa wa kwetu huoa, alikuwa na televisheni jikoni, mlango wazi.

"Yule si Yoshi?" akauliza Shangazi.

Alikuwa yeye, amejaa kioo kizima, mdomo wazi, anavuta uzi. Na kwenye pua ya lile gari la kadibodi, nyeupe juu ya nyeusi, yalikuwepo majani mawili ya mwaloni yaliyopishana: nembo yetu, iliyochongwa kwenye kaburi la Nobuhiko, na iliyokuwa wakati ule ule kifuani mwangu kwenye kimono ya msiba. Mtangazaji akauliza hiyo ni timu gani.

Binamu wa Nagoya alitazama televisheni, akatazama kifua changu, kisha akatazama samaki wake.

"Angalau amehudhuria," akasema Shangazi.

Jumatatu nilichukua mkasi wa kushonea nikaenda kwake. Kofia alikuwa ameiweka kando ya picha ya kaka yake.

"Nilimbeba kaka, Shemeji," akasema. "Ndiyo maana nikaichora."

"Kaka yako si tangazo la matairi. Ilete."

Hakubisha. Aliishika kofia kwa mikono miwili nisije nikaharibu bawa.

"Polepole hapo, uzi unapita chini yake."

Nikaikata nembo.

"Sasa mwakani nichore nini?"

"Chora kikapu cha baiskeli."

Nembo iko kwenye droo ya madhabahu yetu ya nyumbani. Katika ibada ijayo, ya mwaka wa saba, mto wa kulia utakuwa wa Shangazi Kikue, na kama naye atakuwa ametutoka, wa binamu wa Nagoya. Wa Yoshitsugu nitauweka mwisho kabisa, karibu na mlango, nyuma ya watoto. Siku ikiangukia tena kwenye mashindano, hatahitaji kuniomba chochote. Mto ukiwa mtupu pale, hakuna atakayeuona.