Msingi Nilioweka Kwenye Uwanja wa Gofu

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini nyumba nilizojenga zimesimama kutoka Pap Onditi hadi Bondo. Kwa hivyo daktari mmoja wa Milimani, babake msichana ambaye mwanangu anataka kumwoa, aliponialika tukacheze gofu hapa Kisumu, nilimwambia nimecheza miaka mingi. Ningekubalije mkwe anidharau kabla hatujapeleka hata ng'ombe mmoja?

Mpira wangu ukaenda kulala kwenye mteremko. Nikasimama mguu mmoja juu, mwingine chini, kama mbuzi mlimani. Fundi hafanyi kazi hivyo! Nikachimba udongo kwa ile fimbo ya kupigia mpira, nikaukanyaga mpaka ukashikana, nikatafuta jiwe bapa nikaliweka chini ya mguu wa kulia. Nikapima kwa jicho: sawa kabisa. Daktari alikuwa akinikodolea macho. Nikajua anajifunza.

"Mzee," akasema polepole, "huu mchezo ardhi haitengenezwi. Unapiga mpira vile umelala. Kwani wewe ulianza kucheza lini?"

Nikashuka kutoka kwenye msingi wangu.

"Leo asubuhi, mkwe."