Mama Pampu, Anayeyapandisha Maji kwa Jua

Saa moja asubuhi, Mama Pampu yuko juu ya mnara wa tangi, akifuta vumbi kwenye paneli za sola. Chini, wanawake wamepanga ndoo. Anashuka, anawasha swichi. Bomba linakohoa, linatema hewa, kisha maji yanaruka. Wanayatazama kwanza, ndipo wanakinga ndoo.

"Kila siku nashangaa upya," anasema. "Maji yako chini, mita themanini. Jua liko kule juu. Halafu kijiwaya tu kinavikutanisha."

Miaka mitano iliyopita alikuwa mjane anayelima vitunguu kando ya mto unaotenganisha nchi mbili. Mvua zikakatika, mto ukakauka, shamba likafa. Pampu ya sola ya kijiji ilikuwa imeharibika, na fundi wake alishahamia mjini. Kutafuta maji kukamchukua nusu ya siku, hata binti yake akaacha shule ili amsaidie.

Ng'ambo, alikoolewa dada yake, ukame ulikuwa uleule. Lakini kule bomba lilitoa maji.

"Nikampigia simu, nikamuuliza, 'Dada, kwani nyie mna mvua yenu?' Akacheka. Akasema, 'Mdogo wangu, tuna mafundi. Mmoja wao ni mimi.'"

Masomo yakaanza kwa simu ya video: dada anafungua pampu yake, mdogo mtu anafungua iliyokufa.

Kazi ngumu haikuwa nati. Kaka wa marehemu mumewe alisimama mbele ya ngazi ya mnara wa tangi. "Mwanamke wa nyumba yetu hapandi huko," alisema.

"Basi panda wewe, shemeji."

Mzee akaitazama ngazi, akazitazama ndoo tupu, akasogea pembeni. Mama Pampu akapanda.

Maji yalipotoka alasiri ile, mzee alivua kofia akayakinga kwa viganja. "Alilia," anakumbuka Mama Pampu. "Mimi nikakaa kwenye tope. Tope, jamani! Tulikuwa tumelisahau."

Leo anahudumia visima sita, na kipato chake ni mara tatu ya kile cha vitunguu. Binti amerudi darasani. Shemeji ndiye humshikia ngazi, "na kwa kujisifu amenipita."

Mwezi ujao dada yake atavuka na wasichana wanne, waungane na wanne wa upande huu kujifunza kwa Mama Pampu.

"Wakikuta pampu imekufa, popote pale," anasema, "wasikae kumsubiri mtu wa mjini. Waombe ngazi."