Nilivyomshuhudia mama fundi akipanda jukwaani kumpanguza jasho soprano anayekufa, na gazeti likasifia

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachosimulia nilikuwepo, nimekaa kiti cha kulipiwa na mtu mwingine. Asiyeamini aruke uzi, sitamdai.

Ni mwaka ule Kombe la Dunia limeshapita, vuvuzela zinauzwa Joburg kwa bei ya kutupa na bado hazitoki. Mimi nauza vitenge, nakaa flati za Joubert Park. Mlango wa pili anakaa binti wa Kisotho, Naledi. Kazi yake kuimba opera.

Kwa wasiojua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba. Hata akiomba maji anaimba. Naledi ni soprano, yaani ile sauti ya juu kabisa. Akianza mazoezi vikombe vyangu vinatetemeka kabatini. Nilikuwa navihesabu akianza, navihesabu tena akimaliza.

Wapangaji walitaka ahamishwe. Nikaingia kati, maana kupatana ndiyo ugonjwa wangu. Tukakubaliana aimbe mchana, wengi tukiwa kwenye biashara.

Anayebaki mchana ni Mama Bahati, fundi cherehani kutoka Bukavu, mteja wangu. Huyu akawa anaacha mlango wazi, anashona huku anasikiliza. Kiitaliano hajui hata salamu. Analia tu na kupiga pasi.

Sasa bwana, soprano mkubwa wa ukumbi mmoja mjini akakauka koo. Naledi, aliyekuwa anaimba kwenye kundi la nyuma, akapewa shoo moja tu, ya Jumapili mchana. Mwandishi wa gazeti anayechambua opera angekuwepo. Akimsifia, director wa mchezo anamwachia nafasi mpaka msimu uishe. Asipomsifia, anarudi nyuma, na Naledi alishaapa kwamba akirudi nyuma tena anaacha kuimba, anakwenda kupokea simu call centre.

Akatupa tiketi mbili, mimi na Mama Bahati.

Hapa lazima mjue kitu. Kanisani kwa kina Mama Bahati, mtu akiimba mpaka jasho likamtoka haachwi hivyo hivyo. Mama mmoja anainuka na taulo anampanguza, anampepea, anamtandikia kitenge. Kumwacha mwimbaji na jasho lake ni kumwambia hujatugusa.

Mimi hilo nalijua. Sikufikiria kumwonya mapema kwamba ukumbini si kanisani.

Tukaingia. Watu wametulia kama wamekuja kusomewa urithi. Naledi akaimba, wakuu, nywele za mikono zikasimama. Hakuna aliyepiga hata kigelegele. Mama Bahati akaanza kukunja uso.

Mwishoni kabisa mwanamke ambaye Naledi anamwigiza anaumwa kifua, anakufa. Anakufa kwa muda mrefu sana, na anaimba muda wote. Kalala sakafuni, taa zinamchoma, jasho linamwagika.

"Papa," Mama Bahati akaninong'oneza, "mutoto anaimba vile, na hakuna hata mumoja wa kumupanguza?"

"Mama, ndiyo taratibu yao."

"Taratibu gani? Hawa watu hawana bamama?"

Nikamshika kitenge. Alikuwa kajitanda nacho juu ya gauni, ncha ikaniponyoka, mama kashafika kwenye ngazi za pembeni, taulo begani.

Mlinzi, jamaa wa Kizulu, akanikimbilia. "Eish, baba, huyu gogo, huyu bibi, yumo kwenye mchezo?"

Kwenye biashara, asiyejua bei husubiri mwenzake aseme kwanza. Nikamwambia, "Wewe unaonaje?"

Akatazama jukwaa. Akavua kofia, akasimama wima.

Mama Bahati alianza na shingo, akaja kwenye paji la uso, akatandika kitenge, akamlaza Naledi juu yake, akaanza kumpepea na karatasi ya ratiba tuliyopewa mlangoni. Naledi akamwangalia, akamshika mkono, akaitoa noti ya mwisho kama mtu anayeaga kwao. Akafa.

Ukumbi mzima ukasimama, makofi yakalipuka.

Nyuma ya jukwaa director alikuwa mwekundu kama nyanya. Akamwambia Naledi asionekane tena pale. Mama Bahati njia nzima anarudia, "Nimeua mutoto. Nimemuua kweli."

Siku ya tatu, kwenye robot, yaani taa za barabarani, muuza magazeti ananionyesha ukurasa. Mchambuzi kamsifia Naledi mpaka nikasoma mara mbili kuhakikisha jina. Sauti yake hivi, pumzi yake vile. Halafu akampongeza director kwa ujasiri wa kumleta yule mama bubu, akasema ni mauti ya kwanza ya kweli kuyaona jukwaani.

Kabla ya chai director kapiga simu. Anamtaka Naledi. Anamtaka na mama.

Tukaenda, mimi kama meneja, shati limepigwa pasi na mama mwenyewe. Nikaweka sharti la kwanza, Naledi abaki mpaka msimu uishe, kwa maandishi. Akasaini. Nikageuka kwa Mama Bahati tumalizie.

"Hapana," akasema. "Nilimupanguza sababu alikuwa na jasho. Kesho akikosa jasho, nimupanguze nini?"

Wakuu, miaka yote ya biashara sijawahi kukutana na bei kama hiyo. Haina pa kushukia.

Director akaajiri mwigizaji aliyesomea.

Shoo ya mwisho tukaenda, tiketi za Naledi, viti vya mbele. Akafa vizuri kuliko mara zote. Yule mwigizaji akatoka taratibu na kitambaa cha hariri, akamgusa shavu. Shavu lenyewe kavu. Kwa pembeni nikaona Mama Bahati anahangaika kwenye kiti.

Nikamshika kitenge, safari hii kwa mikono yote miwili.

Hakuinuka. Akapaza sauti tu, ukumbi mzima ukasikia:

"ANZA NA SHINGO!"

Na maiti akacheka.

Gazeti la kesho yake sikulinunua. Niliogopa wasije wakalisifia na hilo.

Funzo langu: mtu akikugusa moyo mwonyeshe palepale, ila kwanza uliza mlangoni wanaonyeshaje. Je, nyinyi huko mliko, mwimbaji akitoka jasho mnamfanyaje? Tiririkeni, mlinzi wa uzi ni mimi.