Sindano za Shuka la Harusi

Mimi sindano siazimi wala siazimishi. Ukija kwangu hapa Kasulu kuomba chumvi nitakupa, kiberiti nitakupa, ukitaka mume wangu akusaidie kubeba gunia nitamtuma. Sindano, hapana. Majirani wananiita mchoyo, nami nacheka tu. Hawajui ninavyozitafuta.

Sokoni watu huchukua pakiti ya kwanza wanayopewa. Mimi humpangulisha pakiti zote yule mama Mkongomani anayeuza nyuzi, na amekwisha kunizoea. Sindano naiviringisha juu ya kioo cha simu; iliyopinda inarukaruka, naiweka pembeni. Kisha natazama tundu. Kwa kupinda pindo nataka tundu dogo la duara. Kwa kudarizi nataka tundu refu, linalopitisha uzi uliokunjwa mara mbili bila kuuchuna. Kwa blanketi la viraka nataka sindano fupi, nyembamba lakini ngumu, isiyopinda ikikutana na matabaka matatu ya nguo. Ikiwa nene kuliko uzi wake, inaacha vitundu vinavyokukodolea macho. Haya nimeyajua kwa vidole vyangu mwenyewe, na kujisifu kidogo si dhambi.

Binti yangu alipochumbiwa Kibondo, nilijua kitakachofuata. Wanawake wa ukoo ule wana desturi yao: bibi harusi hupeleka shuka alilolidarizi kwa mkono wake, na mashangazi wa mume hulitandaza mbele ya watu. Hawatazami maua. Wanaligeuza watazame mgongo wake, maana huko ndiko uvivu unakojificha. Namjua mwanamke aliyekutwa na nyuzi zinaning'inia mgongoni mwa shuka lake. Mpaka leo wanamtania, na sasa ana wajukuu. Sikutaka mwanangu aingie ukoo wa watu kwa kuchekwa.

Yeye alitaka tununue la mashine. Yanaletwa na basi kutoka Dar, akasema, ya nini kujichosha. Nikamwambia mashine haiolewi. Akacheka, akakaa mkekani, akaanza kazi: shuka jeupe pe, tawi la kijani kuzunguka pande zote, na sindano nimemchagulia mimi.

Zikiwa zimebaki siku chache twende Kibondo, wifi yangu alikuja kutoka Muyama kutusaidia maandalizi. Kwao hushona magunia ya kahawa kwa shazia, ile sindano kubwa, na huipaka mawese ili iteleze na isishike kutu. Akaona mvua inavyonyesha, akazionea huruma sindano zangu. Basi kwa moyo mweupe kabisa akazipaka mawese, zote. Binti yangu hakujua. Alichukua moja akaketi barazani, kwenye giza la mawingu, akashona. Tulipolitandaza shuka asubuhi, kona nzima ilikuwa na vidoa vya rangi ya machungwa vimefuatana kando ya tawi.

Nilikasirika kweli kweli. Gunia halina habari na mawese, lakini shuka la harusi? Wifi alilia, akasema alidhani anasaidia. Nilimjibu maneno mengi, ila mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na nadhani nusu hakuyasikia. Tukafua kwa sabuni ya kipande, tukasugua, tukafua tena. Vidoa vilipauka, havikutoka. Jua kali lingevimaliza, lakini jua lenyewe tulikuwa tumelisahau sura. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikasema basi, tununue hilo la mashine, na roho ikaniuma kweli kulisema.

Binti yangu akasema nitulie kwanza. Akachukua uzi wa rangi ya machungwa, akanieleza kwamba kila kidoa atakifanya tunda dogo kwenye lile tawi. Nikampa sindano yangu ninayoipenda kuliko zote, ya tundu refu. Akaijaribu kwenye kitambaa kikuukuu, akakigeuza, akakitazama, akanirudishia sindano. Vidoa vimebanana mno, akasema, hii itatoboa nguo ichakae. Akachagua ile fupi ya viraka, akauchambua uzi mpaka ukawa mwembamba. Nikakataa. Nikamwambia tundu lile dogo litamtesa kila akitunga uzi, na kona moja itakula siku zote zilizobaki. Akasema atatunga tu, akainamisha kichwa akaendelea. Nikanuna, nikaenda zangu jikoni.

Tulifika Kibondo na shuka likiwa bado linanukia pasi. Shangazi mkubwa wa bwana harusi alilitandaza, akaligeuza, akaanza kupitisha kidole gumba mgongoni mwake, upande baada ya upande. Wanawake wakasogea waone. Wifi yangu aliukamata mkono wangu, nami nikamwachia aukamate. Shangazi akafika kwenye ile kona, akasimama, akarudia kupapasa. Akauliza kwa nini tawi lizae kona moja tu.

"Palidondokewa na mawese, shangazi," binti yangu akasema. Hakumtaja mtu. "Nikaona nipashonee matunda."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. Shangazi hakucheka. Alisema mgongo wa matunda yale ni safi kuliko mgongo wa tawi lenyewe, akataka kujua nani amemfundisha.

"Kushona amenifundisha mama. Ila sindano ya hapo nilichagua mwenyewe. Mama aliikataa."

Nyuso zote zikanigeukia. Shangazi akaniuliza kama ni kweli, nami nikasimama kabisa. Sijui lini nimewahi kuona fahari kama ile.

"Ni kweli niliikataa," nikasema, "na nilikosea. Huyu anajua kuchagua sindano kunishinda mimi." Nikalisema kwa sauti kubwa, ili hata waliokuwa nje wanapika wasikie.