Farasi Aliyevaa Rangi za Jaifar

Kitambaa kilikuwa cha kijani na manjano, na kwa miaka kumi na moja kilikaa kabatini, kimekunjwa kati ya kanzu mbili na kufukizwa udi ili nondo wasikile. Alhamisi ile asubuhi Mzee Jaifar alikitoa, akakitandaza juu ya kitanda, akakiangalia kama mtu anavyoangalia picha ya marehemu. Hizo ndizo zilizokuwa rangi za banda lake zama hizo alipokuwa Ansab, pembeni mwa Maskati, na farasi watano, naye akimjua kila mmoja na mama yake na bibi yake. Banda lilivunjwa. Pale pana jengo la ghorofa nne sasa, na chini yake duka la viyoyozi. Yeye mwenyewe alihamia Al Amerat kwa mwanawe, nyumba nzuri, isiyo na hata nafasi ya kufunga mbuzi.

Na leo kitambaa kinakwenda kuvishwa farasi wa watu.

Zamani mbio za viunzi, kule kiwanjani nyuma ya vilima, zilikuwa na mabanda kumi na mawili. Mtu akitoka kwake asubuhi hajui nani atashinda, na raha yenyewe ilikuwa hiyo. Kisha likaja lile ambalo watu wote waliliita Banda Kubwa. Lilikuja na daktari wake, na bwawa la farasi kuogelea, na farasi walioshushwa kutoka ndegeni wakiwa wamevalishwa mablanketi. Likashinda mwaka wa kwanza, watu wakapiga makofi. Likashinda wa pili na wa tatu, makofi yakapungua. Kila penye mwanafarasi mwenye dalili njema, Banda Kubwa lilikwishafika na kumnunua. Halikumwibia mtu. Wenye farasi waliuza kwa hiari yao, kisha wakakaa vibarazani kulalamika, na Jaifar alikuwa miongoni mwa waliouza, na miongoni mwa waliolalamika.

Ilikuwapo kanuni moja tu iliyobaki na meno: mabanda yasipofika matatu, hapana mbio. Mwaka jana yalikuwa mawili, mbio zikafutwa. Mwaka huu pia yalikuwa mawili: Banda Kubwa, na Nasr.

Nasr alikuwa sahibu yake Jaifar tangu wote wawili walipofika Maskati kutoka Unguja, vijana, hawajui hata kufunga kilemba kikakaa. Alibakiwa na farasi mmoja, jike aitwaye Shamla, akimfuga nyuma ya karakana yake Ghala, katikati ya magari mabovu. Shamla alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka ujao asingeweza tena kuruka.

Hamood, msimamizi wa Banda Kubwa, alikuja Al Amerat na bakuli la halwa. Kijana mwenye adabu; alivua viatu mbali.

"Ami Jaifar, tunakutaka utusaidie. Rangi zako tu. Farasi tutaleta sisi, mpandaji sisi, mchunga sisi. Wewe uje usimame."

"Nisimame na farasi wenu, niseme wangu?"

"Hapana atakayekuuliza, ami. Na huyu hashindi, wa kujaza safu tu. Usipokubali hapana mbio, na Ami Nasr na jike lake watakuwa wamengoja bure."

Jina la Nasr lilimfaa Jaifar kama mwavuli. Alijiambia anakubali kwa ajili ya sahibu yake. Lakini mtu hujijua. Hakuahidiwa hata baisa moja. Alichokitaka ni kusimama tena kando ya uzio, na watu waseme yule Jaifar. Akakubali kabla halwa haijafunuliwa.

Mjukuu wake Hind ndiye aliyemwendesha. Njia nzima binti alikuwa akicheka peke yake.

"Hukutwambia hata siku moja kuwa umenunua farasi, babu."

"Si kila jambo la kusema."

"Bibi angekufukuza."

"Angenifukuza," alisema Jaifar, na hapo alisema kweli.

Kiwanjani farasi alikuwa ameshikwa na Mkenya mmoja wa Banda Kubwa, Josphat, mtu mrefu mwenye kofia ya jua. Siku hiyo walimvua shati lenye alama ya banda, wakamvika jeupe. Farasi alikuwa mwekundu wa kahawia, kifua kipana, jicho tulivu.

"Anaitwa Barqan, mzee," Josphat alisema, akikaza kitambaa cha kijani na manjano chini ya tandiko. "Hana maneno mengi, kazi yake ni kula tu. Nikuambie na mamake? Wazee wa huku huwa wanaulizana sana hiyo."

Jaifar aliona uso ukimwaka. Yeye, afundishwe nasaba ya farasi na mchunga, kama mtoto wa chuoni.

"Sina haja nayo."

"Sawa, mzee. Mimi nilidhani tu."

Nasr alikuja akichechemea, akamkumbatia mbele ya watu.

"Nnaona rangi zile, nikasema nimekufa nnaota. Kumbe ulikuwa na farasi, wanificha mimi? Unakaa Al Amerat kama mjane wa eda, kumbe una lako jambo."

"Ni… ni wa karibuni tu."

"Basi vyema. Leo wadogo tuko wawili. Mmoja wetu akitangulia, sote tumetangulia." Akamzunguka Barqan, akampapasa shingo, akainama kumtazama miguu. Alikaa ameinama kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika, akitazama viatu vya kwato. Alipoinuka hakuwa akicheka tena.

Mbio zilikuwa na farasi watano: watatu wa Banda Kubwa, Shamla, na Barqan. Mizunguko miwili, viunzi vinane. Mpaka kiunzi cha saba mambo yalikuwa kama yalivyozoeleka, wale watatu mbele, na watu wakitazama simu zao. Kwenye kiunzi cha mwisho farasi wa kwanza wa Banda Kubwa aligoma, akageuka ubavu, na wawili waliomfuata wakamvaa. Wapandaji wakaanguka. Shamla alikuwa nyuma yao, kizee chenye akili. Akapita pembeni, akaruka, akatua, akawa peke yake mbele.

Watu waliinuka. Miaka mingi hawakuwa wameinuka. Jaifar naye alijikuta akipiga uzio kwa viganja, akimwita Shamla, Shamla, akisahau amekuja na farasi gani. Kisha akaona kijani na manjano. Barqan alikuwa anakuja bila haraka, kama mtu anayekwenda kula, na hatua yake moja ilikuwa mbili za Shamla. Kwenye kamba ya mwisho alimpita kwa shingo.

Jaifar aliacha mikono juu ya uzio. Hind alikuwa akimvuta joho. "Babu, umeshinda! Babu!"

Desturi ya kiwanja kile ilikuwa ya zamani kuliko uzio wake. Mwenye kushinda ndiye anayewamiminia kahawa walioshindwa, kwa mkono wake mwenyewe, ili asijivune. Banda Kubwa lilikuwa likileta watumishi wa hoteli kumimina. Lakini leo Hamood alimletea Jaifar dele la kahawa kwa mikono miwili.

"Fanya ya zamani, ami. Watu wapige picha." Na kwa sauti ya chini: "Lo, hata sisi hatukutegemea."

Wanaume, wenye mabanda ya zamani na jamaa zao, walikuwa wameketi safu juu ya mkeka. Nasr alikuwa wa kwanza. Jaifar alimmiminia. Nasr alikipokea, akakishika kitambo, kisha akakiweka chini, kimejaa.

Anayekiweka chini kikombe kabla ya kunywa ana haja, na mwenye kumimina hana budi kumuuliza, na akiulizwa hana budi kuitimiza. Haliruki mtu hilo.

"Una haja gani, Nasr?" Jaifar aliuliza.

"Ndogo. Nitajie mama yake."

Kila mwenye farasi anamjua mama wa farasi wake. Anayelala usiku hajui amemfunga mtoto wa nani, huyo si mfugaji. Nyuma ya safu Josphat, ameshika hatamu, alikuwa akimtazama. Midomo yake ilisogea polepole, akilitamka jina bila sauti, mara moja, kisha mara ya pili. Jaifar angeweza kulidaka. Herufi ya kwanza alikuwa ameshaiona.

Akaangalia chini, kwenye kikombe.

"Simjui," alisema. "Farasi si wangu. Wa Banda Kubwa. Changu ni kitambaa tu."

Hamood aliangalia simu yake.

"Nilijua," alisema Nasr. "Viatu vile vyepesi hapa huvaa farasi wa Banda Kubwa tu. Nilitaka uniambie wewe." Akakiinua kikombe, akanywa kahawa iliyokwisha poa, akakitikisa kuonyesha imetosha, akakirudisha. "Endelea. Wenzangu wanangoja."

Jaifar akaendelea. Walikuwa watu kumi na tisa. Alimmiminia kila mmoja, na hakuna aliyemwangalia usoni, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana.

Garini Hind hakuwasha injini. Simu yake ilikuwa ikilia mapajani, pongezi baada ya pongezi.

"Nilikwisha wapelekea picha," alisema. "Wote. Mpaka wa Unguja."

"Basi waandikie tena."

"Niandike nini, babu?"

"Andika farasi alikuwa wa watu. Andika Shamla ndiye aliyeshinda."

"Lakini Shamla hakushinda."

Jaifar alifikiri. "Basi andika hilo la kwanza tu."

Mtu aligonga kioo. Alikuwa Josphat, na kitambaa cha kijani na manjano mkononi, kimelowa. "Umesahau hii, mzee."

Alikipokea, akakiweka chini, miguuni. Harufu ya jasho la farasi ikajaa gari zima, harufu ambayo kwa miaka kumi na moja alikuwa akiiota. Akafungua dirisha.