Pikipiki Isiyo na Ndugu

Nakumbuka siku niliyosimama mbele ya pikipiki mbili pale Namanyere, mwanangu, nikajifanya nachagua, na kumbe moyo ulikuwa umeshachagua tangu nilipoona ipi inang'aa. Ndiyo maana juzi uliponionyesha picha kwenye simu yako ukaniuliza, "Babu, ninunue ya mwaka upi?" nilifumba macho. Ulidhani nimesinzia. Sikusinzia. Umenigusa mahali panapouma, na leo nakujibu, ila utanivumilia, maana mzee hajibu swali kwa mkato.

Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wametoka kuhamia vijiji vipya, shamba la kijiji linalimwa kwa ngoma, na sisi walimu usiku tunafundisha watu wazima kusoma. Mwalimu siku hizo alikuwa mtu. Ukipita, wazee wanavua kofia, na wewe kijana kichwa kinavimba kama unga wa ngano uliotiwa hamira.

Mama yangu alizaliwa ziwani, Wampembe, akaolewa huku juu kwenye baridi. Kule chini aliacha mdogo wake mmoja tu, mama mdogo Felista. Zamani alikuwa akiteremka kwa miguu na kikapu cha unga wa ulezi kichwani, anakaa wiki, kisha anapanda mlima na samaki wakavu wa ziwani, migebuka. Halafu magoti yakamkataa. Mama mdogo naye akawa hawezi kupanda. Gari la kwenda kule lilikuwa la kubahatisha. Wakabaki kusalimiana kwa midomo ya wapita njia, ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni.

Nikamwambia mama, "Nitanunua pikipiki kubwa ya safari. Nitakupakia mpaka mlangoni kwa mdogo wako." Mama akacheka, akafuta macho kwa pindo la kanga. Kesho yake akasema dume lake la kulimia liuzwe, tuongezee kwenye akiba yangu. Pikipiki ile ilikuwa na kazi moja, mwanangu: kumteremsha mama ziwani. Lishike hilo, maana mimi nililiachia mapema.

Zilikuwa mbili zinauzwa, zote za kiwanda kimoja, tangi kubwa, kiti kirefu cha watu wawili, keria nyuma. Ya kwanza ilikuwa ya bwana shamba aliyekuwa anastaafu. Mwaka wake wa zamani, rangi imepauka, kuwaka mpaka uipige kiki kama unayegombana na punda. Ya pili ilikuwa ya Bwana Mwakatobe, mtumishi wa serikali, mtu wa Mbeya aliyepata uhamisho. Hiyo ilikuwa nyekundu, ya mwaka wa karibuni. Unabonyeza kitufe, inanguruma. Kiwandani walikuwa wamebadili injini yote mwaka huo, na Bwana Mwakatobe alilisema hilo kama sifa. Nami nikalipokea kama sifa.

Nilikuwa nimefuatana na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa amehamia huku juu kama yeye. Hakujua kuendesha hata baiskeli. Alizizunguka zote mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mjomba," akaniambia, "hii nyekundu ina ndugu?"

Nikacheka. "Pikipiki haina ndugu, mjomba."

"Ina ndugu. Hii ya bwana shamba nimeona wenzake wengi. Mabwana shamba wote na mabwana mifugo, toka hapa mpaka Laela, walipewa za namna hii. Ikivunjika mguu, itaazima kwa nduguye. Hiyo nyingine ndiyo kwanza naiona leo. Binti akija kuolewa kwetu tunauliza ukoo wake, si kwa ubaya, ni ili siku ya taabu tujue tubishe hodi wapi. Hii nyekundu ikiugua tutabisha wapi?"

Nilimjibu jibu la kijana. Nilimwambia mambo ya mashine yamebadilika, mwaka mpya ndiyo ubora, hata kadi yake inasema. Alinitazama, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Mwanangu, mzee wa Kifipa akikwambia "haya" kwa sauti ile, rudi nyuma. Sikurudi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikachukua nyekundu. Ile kuukuu ilinunuliwa wiki hiyo hiyo na Deusi, katekista, rika langu, nami nikamtania kwamba amenunua chuma chakavu cha kufulia majembe. Deusi hakukasirika. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kutokukasirika.

Sasa ungedhani Jumamosi iliyofuata nilimpakia mama. Alikuwa tayari. Alikuwa amesaga ulezi, ameufunga kwenye kitambaa. Lakini njia ya kuteremka ziwani ilikuwa mawe matupu, na mimi nikaitazama rangi ile nyekundu, nikaogopa kuikwaruza. Nikamwambia, "Mama, tungoje barabara ikauke." Jumamosi ile nilikwenda Sumbawanga mjini, nikaiegesha pale watu wanapoona, nikanywa chai ya saa nzima. Iliyofuata vilevile. Ulezi uliliwa nyumbani ukawa uji, mama akasaga mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa namngojesha mtu asiye na muda mwingi wa kungoja. Nilinunua pikipiki imtumikie mama, na sasa tulikuwa tunaitumikia sisi, mimi kwa kuifuta na yeye kwa kuisubiri.

Barabara ilipokauka, klachi ikafa. Ilifia njiani, karibu na Milanzi, nikaisukuma watu wakinitazama, na safari hiyo sikutaka watu waone. Fundi akaifungua, akaenda kuleta pleti za klachi za zile za mabwana shamba, hazikuingia. Injini ilikuwa nyingine kabisa. Tuliagiza Mbeya, hakuna. Tuliagiza Dar es Salaam, tukajibiwa kwamba vipuri vya mwaka huo havijaingia nchini, na fedha za kigeni ni za dawa na mafuta. Ikakaa barazani kwetu imefunikwa turubai. Kuku wakataga chini yake.

Deusi wakati huo alikuwa anateremka Wampembe kila mwezi kwa kazi ya kanisa. Kitu kikimkatikia, anasimama kwa bwana shamba yeyote, anaazima, anaendelea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku moja akaja nyumbani, akamwamkia mama shikamoo, akasema, "Mama, Alhamisi nateremka. Kiti changu cha nyuma kitupu. Twende ukamwone mama Felista, anakuulizia sana."

Mama akanitazama mimi. Mwanangu, hapa ndipo panaponiuma, wala si kwenye klachi. Angekubali palepale, ila alikuwa ananisubiri mimi niseme. Na mimi nikasema, "Asante Deusi, usijisumbue. Kipuri kiko njiani. Mama yangu nitampeleka mwenyewe." Hakukuwa na kipuri njiani. Kulikuwa na kijana aliyeona aibu mama yake kupanda chuma alichokicheka.

Mama akashusha macho. Akasema, "Basi, Deusi, tumsubiri baba huyu." Alikuwa akiniita baba, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya mwenzangu. Mjomba alipopata habari alikuja makusudi, akasimama mlangoni, hata kiti alikikataa. "Ulikosea kununua," akasema, "hilo ni kosa la pikipiki, linasameheka. Lakini sasa unataka mama yako alipie kosa lako ili wewe usionekane ulikosea. Hilo sijui dawa yake." Akaondoka. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaona ana haki, lakini sikumfuata Deusi. Kujua na kutenda si mtu mmoja.

Deusi alirudi mara kadhaa na salamu. Kisha akarudi siku moja mapema kuliko kawaida yake, vumbi mpaka kwenye kope, akazima pikipiki mbali na nyumba, akaja kwa miguu. Mama alikuwa anapepeta maharage. Alimwona tu anavyotembea, akaweka ungo chini.

Mama mdogo Felista alikuwa amefariki, na kwa joto la kule chini walikuwa wameshamzika.

Safari hii mama hakunitazama. Alijifunga kanga, akamwambia Deusi, "Nipeleke." Akapanda kiti cha nyuma cha chuma kile nilichokicheka, akateremka ziwani kukaa matanga ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Mimi nilibaki barazani na turubai langu.

Aliporudi hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliketi, akaomba maji, akanisimulia taratibu, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani: "Walimwambia umenunua pikipiki, baba. Basi kila akisikia mlio mlimani alikuwa anatoka nje na fimbo yake, anawaambia watoto wafagie, dada anakuja. Wanasema kila mara alikuwa Deusi."

Akanywa maji yake. Hakulirudia jambo hilo mpaka alipokufa, na mimi sijapitisha mwaka bila kulisikia.

Sasa nikujibu, mwanangu. Usianze na mwaka. Anza na safari: nani anakungoja, na njia ya kufika kwake ikoje. Kisha uliza mashine hiyo ina ndugu wangapi katika njia hiyo, nani anaijua, kipuri chake kinalala duka gani. Ya mwaka wa nyuma inayojulikana itakufikisha kuliko ya mwaka mpya inayotazamwa. Ukishainunua, itie vumbi siku hiyohiyo, usiiogope. Na ukigundua umekosea kuchagua, maana utakosea, sema "nimekosea" kungali mapema, upande kiti cha nyuma cha mwenzako ufike. Rangi hupakwa upya, klachi hununuliwa hata kama ni baada ya miaka. Lakini mtu aliyetoka nje na fimbo yake akakukosa, huyo hana kipuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe magurudumu yanayofika na moyo usioona haya kupakiwa. Wanaokungoja akuwekee hai mpaka usimame mlangoni kwao, na wakitoka nje kwa mlio, uwe ni wewe.